Magurudumu mawili juu ya jamvi la karafuu

MUULIZE MZEE FAKI
Safu ya wasomaji kuhusu gari, njia na wanaozipita. Mzee Faki ni dereva mstaafu wa lori, Wete, Pemba.

Swali

Mzee Faki, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa Kisauni, Mombasa. Naendesha gari la shule, mwaka wa kumi na mbili huu, na sijawahi kugonga hata kuku. Nakuandikia kwa jambo lililonifika Pemba mwezi wa Agosti, na tangu siku hiyo ami yangu hanipigii simu.

Nilikuja kwenye harusi ya binamu yangu Chambani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika kwa kina babangu. Nilishuka Mkoani kwa meli, nikakodi Escudo kwa mtu niliyeelekezwa palepale bandarini. Gari yenyewe ilikuwa na umri wake: honi hailii, tairi ya spea haina upepo. Lakini breki zilishika, nami nikasema ni karibu tu, twende. Nikauliza njia. Kijana mmoja akaniambia, "Nenda moja kwa moja mpaka Kenya, kisha ukate kulia." Nikamwambia, ndugu yangu, mimi ndio kwanza natoka Kenya, wanirudisha tena? Wakacheka wote waliokuwa pale. Kumbe Pemba mna kijiji chaitwa Kenya.

Ilikuwa yapata saa tisa na nusu alasiri. Njia nyembamba, mlima na bonde, ukipanda hujui uteremkako kuna nini. Na kila baada ya nyumba tatu nne kuna majamvi ya karafuu ukingoni, mengine yameingia njiani kabisa. Nilikwisha kuyakwepa kama thelathini hivi. Kwenye kona moja, kabla sijafika Chambani, likatokea lori la mchanga limeshika katikati ya njia. Nikakata kushoto, magurudumu mawili yakapanda jamvi.

Nilisimama, sikukimbia. Bibi mmoja alikuwa amekaa barazani na fagio mkononi. Nikashusha kioo, nikasema samahani bibi, nikatoa elfu ishirini za Tanzania nikamnyooshea. Hakuinuka. Akasema, "Pita mwanangu, pita, haina neno." Nikamsisitiza mara mbili, akarudia hayohayo. Nikaona amesamehe, nikaondoka.

Kufika kwa ami, habari imenitangulia. Ami alinyamaza mpaka tulipomaliza kula, ndipo akasema neno moja: "Umetuaibisha." Sikumjibu, kwa heshima, lakini sijaelewa hadi leo. Radhi niliomba, pesa nilitoa. Nilikosa wapi? Na wao wana haki gani ya kuanika njiani? Barabara si ya magari?

La pili: Desemba nataka kurudi na mke wangu na watoto wawili, tufike Makangale tukaone pwani ya Vumawimbi. Nipe ushauri wa gari, leseni na njia.

A., Kisauni, Mombasa

Jibu

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma mpaka pale uliposema "nikashusha kioo", nikaiweka chini, nikamwambia mke wangu: huyu kosa lake nimeshalijua. Hukushuka.

Lori halikuwa kosa lako, na hata kulipanda jamvi nakusamehe. Nimeendesha lori kisiwa hiki tangu 1976, na kabla yake nilikuwa utingo miaka mitano; dereva atakayekuambia hajapanda jamvi la mtu msimu wa karafuu, mwulize vizuri, huenda anaendesha baiskeli. Mimi nimepanda mara mbili. Mara ya pili ilikuwa karibu na Ole, jamvi zima, magurudumu ya mbele na ya nyuma. Nilikaa pale mpaka magharibi nikaondoka na mkungu wa ndizi, maana wenye nyumba walikataa nitoke mikono mitupu.

Sasa jione wewe ulivyoonekana kutoka barazani. Bibi wa makamo ya nyanya yako, kama msemavyo nyinyi, amekaa. Gari inaunguruma. Kioo kinashuka nusu, mkono unatoka, umeshika noti. Hukumwamkia. Hukusema wewe ni nani wala unakwenda kwa nani. Kunyoosha pesa dirishani mwa gari ni kumpa mwombaji kwenye taa za barabarani, na yule bibi alikuwa nyumbani kwake. Ukataka ainuke yeye, ateremke ngazi za baraza, aje dirishani kwako kupokea. Pale ndipo ulipomvunjia heshima, na wala hukukusudia.

Na hilo "haina neno" ulilolisikia, usilichukue kama lilivyo. Mpemba akiwa radhi nawe atakukemea kwanza. Atakuambia, "Wewe kijana, macho umeyaacha wapi?" Kisha atakuuliza umekula. Ukiona anakuambia pita, pita, haina neno, tena kwa upole ule, ujue neno lipo na ameamua kutokulisema nawe.

Hebu nikueleze ulichokanyaga, kwa sababu nadhani uliona vijiti vyekundu tu vimetandazwa. Karafuu ile kuna mtu aliipanda juu kuichuma. Mkarafuu ni mti mrefu na tawi lake halina simile, linakatika bila kulia, na hapa kila msimu hatukosi kusikia fulani kaanguka. Zikiteremka zinachambuliwa usiku. Watu wanakaa duara kwenye mkeka, taa katikati, anashika kishada, anakiviringisha kwenye kiganja cha mkono mmoja kwa kidole gumba cha mwingine, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule. Mke wangu anachambua huku amefumba macho, nami ukinipa dakika kumi gumba langu limeshachubuka. Asubuhi zinaanikwa. Jua likiwa zuri ni siku tatu, nne. Likiwa la kuibia ni wiki, na kila jioni zinakusanywa na kufunikwa. Wingu likitanda nyumba nzima inatoka mbio, hata mgonjwa. Mbichi kilo tatu ndio upate kavu kilo moja hivi.

Karafuu kavu ikipita gurudumu, kichwa kinatoka. Kile kijidude cha duara kilichokaa juu kama tumbaku ya kiko, ndicho hicho. Karafuu isiyo kichwa inashushwa daraja, iliyosagika ndiyo hasara kabisa. Nikikisia, Escudo upande mmoja kwenye pembe ya jamvi, uliharibu kilo moja, haizidi moja na nusu. Kilo ya daraja la kwanza imekuwa ikinunuliwa kwa elfu kumi na kitu miaka hii. Kwa hesabu ya sokoni basi, elfu ishirini yako ilitosha, hukumpunja. Ndiyo maana nakuambia haikuwa habari ya pesa.

Ungefanyaje? Ungeitoa gari njiani, uizime, uvute breki ya mkono. Ushuke. Kabla hujaukaribia uwanja, utoe salamu kwa sauti: asalaam alaykum wenyewe. Ungojee uitikiwe. "Shikamoo bibi, ni mimi niliyekuharibia." Halafu uvue viatu, maana jamvini hatupandi na viatu, uchutame, uanze kuokota. Nzima huku, zilizopasuka kule. Hungemaliza ukufi wa kwanza bibi angeshateremka na ungo wake, angekuondoa pale, "hebu toka, hujui", angepeta yeye, mavumbi yakaruka, karafuu zikabaki. Na hapo katikati ya kupeta lingekuja swali ambalo hukumpa nafasi ya kukuuliza: "Wewe ni wa nani?" Ungesema mimi mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani wa Chambani. Nakuwekea rehani leseni yangu kwamba angepata mtu wenu mmoja aliyeoana na mtu wao.

Ami yako aibu ndipo ilipomkuta. Bibi hakukuuliza, lakini gari ilipoondoka tu watu waliulizana. Gari ya Mkoani, kijana mgeni, anasema *samahani* kwa lafudhi ya Mombasa, kuna harusi Chambani wiki hii. Nusu saa hawakuimaliza. Ikawa mjukuu wa fulani amempitia bibi wa watu, amemtupia noti. Ungekuwa mgeni asiye na kwao, wangesema mgeni, wakasahau.

Pesa nayo ungeitoa, sisemi usitoe. Ila ungeitoa baadaye, umemkunjia ami yako au shangazi yako mkononi, naye ndiye angeifikisha, kwa jina la sukari. Hapo ingepokelewa.

Umeuliza kama wana haki ya kuanika barabarani. Sheria iko upande wako, barabara ni ya vyombo. Wanunuzi wa karafuu nao wanalikemea jambo hili kila msimu, kwa sababu lami inatia mchanga na harufu, na mimi mwenyewe nikiwaona watoto wamekaa kando ya jamvi kwenye kona roho inanidunda. Waanike uwanjani, kwenye jamvi, mbali na magurudumu. Sawa. Lakini umeipita njia ile, uliona wapi pametandaa na pana jua kutwa? Nyumba ziko chini ya mikarafuu na miembe, ardhi ni mlima na bonde. Palipo sawa ni kiwanja cha mpira, uwanja wa skuli, na barabara. Na barabara zenyewe nyingi za mashamba zilikuwa vijia vya miguu vinavyokatiza nyua za watu. Zikatanuliwa, zikaja gari, nyumba zikabaki palepale. Yule bibi nakisia alianika hapo kabla mchoraji wa barabara hajazaliwa. Kwa hiyo mimi nikiendesha mashamba sijioni niko barabarani. Najiona napita uani kwa watu, na wamenivumilia.

Ndiyo maana honi. Mwanangu, ulikubalije kupewa gari isiyo na honi? Ningekusamehe spea, ingawa nayo ni ujinga. Kwenu Mombasa honi ni ya kumwambia mtu ondoka. Huku ni hodi. Kabla ya kila kona unapiga moja fupi, *pi*, basi. Wa upande wa pili akisikia anajibu *pi*, anajivuta kwake, nawe unajivuta kwako. Fupi mbili ni ahsante, au salamu kwa mzee uliyemwona barazani. Ndefu ni matusi, na ukimpigia mtu ndefu mbele ya nyumba yake atakukumbuka hata urudi baada ya miaka mitatu. Lile lori la mchanga lilikaa katikati kwa sababu kingo zote mbili zilikuwa na majamvi. Dereva wake alikuwa anapiga honi, sina shaka, wewe vioo umepandisha kwa vumbi. Na wewe yako hailii. Mlikutana viziwi wawili.

Usidhani nakusema kwa kuwa mimi sijawahi kuwa mgeni. Mwaka 2003 nilimtembelea mpwa wangu Salalah, Omani, wakati wa kharifu, ile miezi ya mvua za rasharasha ambapo milima inageuka kijani na ukungu unashuka mpaka barabarani. Akanipa pikapu nimpelekee mtu majani ya ng'ombe mlimani. Wao hupita kulia. Basi kutwa nzima nilikuwa naishika sukani huku nikijisemea kwa sauti, *kulia Faki, kulia Faki*, na nikitaka kuwasha indiketa nawasha waipa. Kwenye ukungu nikakuta ngamia amesimama katikati ya njia, ananitazama. Nikampiga honi, ndefu, ile ya lori. Hakutikisika. Nikapiga tena. Ukungu ukafunuka kidogo nikaona mzee kakaa juu ya jiwe na fimbo yake, hatua kumi kutoka dirishani kwangu. Kule ngamia hakosi mwenyewe. Unajua nilifanya nini? Nilishusha kioo nikasema samahani. Alinitazama vilevile kama ngamia wake. Mpwa wangu alipata habari kabla sijarudi mjini, na mpaka kesho akitaka kunitania ananiita Baba Honi.

Haya, safari yako ya Desemba.

Leseni yako ya Kenya ije, lakini mwambie mwenye gari akushughulikie pia kibali cha muda ambacho wageni hupewa hapa Zanzibar, na karatasi zake na za bima zikae ndani ya gari, zisikae ofisini kwake. Trafiki akikusimamisha, zima gari na uanze na salamu. Upande wa njia hautakusumbua, sisi na nyinyi sote hupita kushoto.

Gari, mara hii usichukue ya bandarini ukiwa na haraka. Ifike siku moja kabla, uizunguke. Honi, waipa, taa zote mbili, spea yenye upepo, jeki na spana ya nati ziwemo. Desemba vuli huwa haijamaliza kunyesha, na njia za udongo mwekundu zikilowa zinateleza kama sabuni. Mafuta jaza sheli ukiwa mjini, usiende ukitumaini utayakuta mbele. Utakuta, ya chupa, na hujui yamechanganywa na nini.

Toka Chake Chake asubuhi, panda mpaka Konde. Daladala 602 ndiyo ya huko, ukiipata usiikimbize, ifuate tu, dereva wake anajua kila shimo na kila mbuzi. Baada ya Konde utaingia msitu wa Ngezi. Humo punguza mwendo, kuna giza la miti hata mchana, na watoto wako watataka kutazama. Mwituni ukikuta matawi mabichi yamewekwa njiani, usiyapande ukadhani ni takataka: mbele kuna gari imeharibika, hayo ndiyo taa yake. Makangale ni ng'ambo ya msitu. Vumawimbi ukifika, gari iache kwenye ardhi ngumu, nendeni ufukweni kwa miguu. Kuna vijana wa mjini huziteremsha gari mchangani wapige picha, halafu wanavijiji ndio wanaozisukuma.

Ramani ya simu itakudanganya. Inachora kijia cha kwenda kisimani kama barabara. Uliza watu, lakini usiulize ni mbali kiasi gani, kwa kuwa jibu ni moja tu, "hapo mbele". Uliza, "nitakuta nini kwanza?" Utaambiwa msikiti, mwembe uliopigwa radi, duka la mlango wa buluu. Hayo hayapotezi.

Uwe umesharudi kabla ya magharibi, na hapa sitanii. Baada ya alasiri watoto wa chuo cha Kurani wanatoka wote kwa pamoja na kutembea njiani wanne wanne. Kisha magharibi inaingia, wazee wanakwenda msikitini kwa miguu, kina mama na mabuibui meusi, baiskeli isiyo na taa, na gari za ng'ombe zinarudi na kuni. Gari ya ng'ombe usiku utaiona imeshafika kwenye boneti. Ng'ombe macho yake yanang'aa akikutazama, lakini wewe huwa unaijia kwa nyuma.

Na siku ya kwanza, kabla hujawaza Vumawimbi, mpite yule bibi. Gari iache mbali kidogo, watoto watangulie, mkeo nyuma yao, wewe mwisho. Usije na pesa. Njoo na majani ya chai ya Kericho, pakiti mbili kubwa. Chai yenu tunaipenda, ingawa mbele ya watu wa Bara hatuisifu. Ukiona amekuuliza wewe ni wa nani, kaa chini, safari ya siku hiyo imekwisha.

Ami yako usingoje akupigie, yeye ni mkubwa. Mpigie wewe, leo, baada ya isha, akiwa ameshakula.